Barua ya wazi kwa viongozi wa jimnastiki duniani: msichana asishindane na wakubwa kabla ya miaka 18

Kwa Mheshimiwa Morinari Watanabe, Rais wa Shirikisho la Kimataifa la Jimnastiki (FIG), Lausanne. Kwa Mheshimiwa Kirsty Coventry, Rais wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki. Na kwa viongozi wa jimnastiki barani Afrika.

Waheshimiwa,

Nawasalimu kwa heshima kutoka Mombasa, ninakofundisha watoto sarakasi. Wanafunzi wangu hupinduka juu ya mchanga na mikeka iliyochakaa, na vyuma vya mashindano wameviona kwenye simu tu. Siandiki kuwaombea vifaa. Naandika kuhusu umri, na ombi langu ni moja: mpandishe umri wa msichana kushindana na wakubwa kutoka miaka 16 hadi 18, na mlipitishe jambo hilo mapema ili lianze kutumika mwaka 2029, baada ya Olimpiki ya Los Angeles. Mengine yote katika barua hii ni sababu zangu.

Nianze na furaha, kwa kuwa ndiyo iliyonisukuma kuandika. Tarehe 4 Agosti 2024, mjini Paris, Kaylia Nemour wa Algeria alipanda vyuma viwili, cha juu kikiwa mita mbili na nusu kutoka sakafuni, akaruka kutoka kimoja hadi kingine bila kupumua, akatua. Alama zikatoka: 15.700. Qiu Qiyuan wa China alikuwa na 15.500, na Sunisa Lee wa Marekani 14.800. Hakuna mwakilishi wa nchi ya Afrika aliyewahi kupata medali ya jimnastiki katika Olimpiki kabla ya siku ile, na ya kwanza ikaja ya dhahabu. Watoto wangu waliirudia video ile mpaka simu ikazima. Walitaka kujua jina lake, kisha kwao, kisha umri wake. Nikawaambia ana miaka 17. Msichana mmoja, wa miaka 11, akatulia akihesabu kwa vidole, akasema: "Basi mimi nimebakiwa na sita."

Hesabu ile haijanitoka. Aliipiga sawasawa, ndiyo hesabu ambayo sheria yenu inawafundisha wasichana wote wanaoupenda mchezo huu, pamoja na makocha na wazazi wao. Na kwa kweli yeye alijiongezea kidogo tu, kwa sababu chini ya sheria yenu amebakiwa na mitano.

Twende nyuma kutoka miaka 16. Ili msichana asimame kwenye mashindano ya dunia mwaka anaotimiza 16, lazima awe na mbinu zake zote ngumu akiwa na 15. Ili awe nazo akiwa na 15, lazima awe amezijaribu, ameanguka nazo na amezirudia maelfu ya mara akiwa na 12, 13 na 14. Wasichana wengi wa kiwango hicho hufanya mazoezi saa 30 kwa wiki au zaidi. Yaani mzigo mkubwa kabisa wa maisha yake ya michezo unamwangukia katika miaka ileile ambayo mwili wake unarefuka kwa kasi na mifupa yake bado haijaziba.

Mimi naiona miaka hiyo kila jioni. Mtoto anayepinduka vizuri mwezi huu, mwezi ujao amerefuka vidole viwili na hajui tena mikono yake inaishia wapi. Mguu umekua, msuli haujaufuata. Anaanza kutua kabla hajamaliza kuzunguka. Anakuja na maumivu chini ya kifuniko cha goti, au kwenye kisigino, au kwenye kifundo cha mkono anaposimama kwa mikono. Mwisho wa mfupa wa mtoto pana tabaka la gegedu ambalo ndilo linalozaa mfupa mpya, nalo ni laini kuliko kila kitu kilicholizunguka. Mtu mzima akitua vibaya huumia kano. Mtoto huumia pale anapokulia. Nikiona dalili hizo namshusha. Nampa kazi za chini, kunyoosha, mizani, kusimama kwa mikono dakika chache, na nawaambia wazazi wake wavumilie. Wakati mwingine hupita miezi mingi kabla hajarudi kupinduka hewani. Mimi ninayo miezi hiyo, kwa kuwa hakuna anayemsubiri. Kocha wa timu ya taifa hana, kwa sababu kalenda yenu inamsubiri msichana wake akiwa na 16, na akichelewa mwaka mmoja tu kuna wenzake kumi wadogo nyuma yake.

Kaylia mwenyewe ni ushahidi. Alizaliwa na kukulia Ufaransa, kwa baba mwenye asili ya Algeria na mama Mfaransa, akalelewa kimchezo katika klabu ya Avoine-Beaumont. Akiwa bado chipukizi aliugua magoti; kipande cha mfupa chini ya gegedu kilikuwa kimeharibika, na mwaka 2021 akafanyiwa upasuaji. Hapo ukazuka mvutano. Daktari aliyempasua alimruhusu arudi mazoezini. Daktari wa shirikisho la Ufaransa akakataa. Juu ya hilo kulikuwa na ugomvi mwingine kuhusu mahali pa kufanyia mazoezi, shirikisho likitaka wasichana bora wawe katika kituo cha taifa na klabu ikitaka kubaki naye. Mwishowe akachagua kuiwakilisha nchi ya baba yake, na hata kuachiliwa kwake kulichukua muda na kufika hadi kwa waziri. Sitaki kuamua hapa nani alikuwa na haki. Ninachokiona ni watu wazima wenye vyeo wakigombania ratiba ya magoti ya mtoto wa miaka 15, kila upande ukiwa na haraka yake. Haraka hiyo ilitoka wapi? Paris ilikuwa inakuja, na mlango wa wakubwa unafunguka kwa 16.

Mtanijibu kwamba kama ombi langu lingekuwa sheria, Afrika ingekosa dhahabu yake. Nilijiuliza hilo kabla ya kushika kalamu, maana nisingeweza kuandika barua ya kumnyang'anya binti yule medali. Nikahesabu. Nyinyi hamhesabu siku ya kuzaliwa, mnahesabu mwaka: msichana huruhusiwa mwaka anaotimiza umri uliowekwa. Kaylia alizaliwa tarehe 30 Desemba 2006. Mwaka 2024 ndio aliotimiza 18. Angeshindana Paris, na angeshinda.

Nikaendelea kuhesabu. Bingwa wa jumla Paris, na bingwa wa kuruka meza, alikuwa Simone Biles wa Marekani, miaka 27. Bingwa wa boriti alikuwa Alice D'Amato wa Italia, miaka 21. Bingwa wa mkeka alikuwa Rebeca Andrade wa Brazili, miaka 25. Dhahabu ya timu ilikwenda Marekani, ambao mdogo wao wa miaka 16 hakupanda kifaa chochote katika fainali ya timu. Kila dhahabu ya wanawake iliyotolewa Paris ingekwenda kwa wale wale. Qiu wa China, aliyezaliwa 2007, angekosa fedha yake, na hilo ni la kweli na linauma. Lakini angekuwa na 21 huko Los Angeles, umri ambao D'Amato alishinda nao. Rudini Tokyo, mashindano yaliyofanyika 2021. Sunisa Lee alikuwa na 18 aliposhinda ubingwa wa jumla. Andrade alishinda meza akiwa na 22, Nina Derwael wa Ubelgiji vyuma akiwa na 21, Jade Carey mkeka akiwa na 21. Katika mabingwa wa kifaa kimoja kimoja na wa jumla, ni Guan Chenchen wa boriti peke yake, miaka 16, ambaye angezuiwa.

Basi tunawaharakisha kwa faida ya nani? Kwa kila msichana wa miaka 16 anayefika Olimpiki kuna mamia waliopitishwa njia ile ile wakavunjikia njiani, na majina yao hayako kwenye ubao wowote. Wale wanaoshinda, sasa wanashinda wakiwa wanawake wazima. Mchezo umekwisha kubadilika; kilichobaki nyuma ni sheria.

Haukuwa mchezo wa watoto tangu mwanzo, na nyinyi mnaijua historia hiyo kuliko mimi. Ágnes Keleti wa Hungaria, aliyenusurika mauaji ya Wayahudi, alipata dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki Helsinki mwaka 1952 akiwa na miaka 31, kisha akapata nyingine nne Melbourne mwaka 1956 akiwa na 35. Alifariki Januari 2025, akiwa ametimiza miaka 103. Larisa Latynina alikusanya medali 18 za Olimpiki, za mwisho akiwa na 29. Věra Čáslavská alikuwa na 26 Mexico City mwaka 1968. Hawa walikuwa wanawake, wengine mama wa watoto. Kisha ikaja Montreal 1976, Nadia Comăneci wa Romania akiwa na miaka 14, na ule ubao wa alama ulioandika 1.00 kwa kuwa haukutengenezwa kuonyesha 10.00. Dunia nzima ilimpenda, na ilikuwa na haki ya kumpenda. Lakini mashirikisho yalipomtazama hayakuona kipaji cha mtu mmoja. Yaliona kipimo cha mwili. Wakaanza kutafutwa wadogo, wepesi, wasiobalehe, na wale waliobalehe wakaanza kuonekana wamechelewa.

FIG yenyewe ilishtuka. Umri ukapandishwa kutoka 14 hadi 15 mwaka 1981, na kutoka 15 hadi 16 mwaka 1997. Mara zote mbili, kilichoonekana hatari sana kikawa kitu cha kawaida baada ya miaka michache. Tangu 1997 hakuna hatua nyingine kwa wasichana, ingawa kwa wavulana mpaka wenu uko juu zaidi. Nimesikia sababu inayotolewa, kwamba wavulana wanahitaji muda wapate nguvu za mabega kwa ajili ya pete na vyuma vyao. Sawa. Kwa hiyo mvulana anasubiriwa mwili wake ukamilike, na msichana anatakiwa awahi kabla wake haujakamilika. Nifanyeje nikiulizwa hilo na wanafunzi wangu, ambao huruka pamoja kwenye mchanga mmoja?

Lakini mifupa ni nusu tu ya jambo. Nusu nyingine ni uwezo wa kukataa.

Dominique Moceanu wa Marekani alikuwa na miaka 14 Olimpiki ya Atlanta mwaka 1996, mguu wake ukiwa na ufa. Katika fainali ya boriti, kitu chenye upana wa sentimita 10 na kimo cha mita moja na robo, aliteleza akagonga kichwa. Ameeleza mwenyewe baadaye kwamba hakuna aliyemchunguza shingo, na muda mfupi baadaye alipanda kwenye mkeka kushindana tena. Miaka 25 ikapita. Tokyo, Simone Biles aliruka meza mara moja, akahisi hajui mwili wake uko wapi hewani, akatoka. Alikuwa na miaka 24, bingwa kuliko wote, na dunia bado ilimrushia maneno. Fikirini mtoto wa 14 au 15 akisema maneno yale kwa kocha aliyemlea tangu ana sita, ambaye ndiye anayeamua kama atasafiri, atakula nini, na kama ataitwa tena. Haiwezekani. Mtoto mzuri katika ukumbi wa jimnastiki ni yule asiyesema hapana; ndiyo sifa ya kwanza anayotafutiwa.

Mtu atanikumbusha Elena Mukhina wa Muungano wa Kisovieti, bingwa wa dunia wa 1978, aliyevunjika shingo mazoezini wiki mbili kabla ya Olimpiki ya Moscow 1980. Alikuwa na miaka 20, mguu wake ulikuwa haujapona sawasawa, na mbinu aliyolazimishwa aliiogopa waziwazi. Alipooza maisha yake yote, mpaka alipofariki 2006. Alisema baadaye kwamba wazo lake la kwanza akiwa amelala pale chini lilikuwa shukrani, kwamba sasa hatakwenda Olimpiki. Kila nikiyakumbuka maneno hayo nashindwa kuendelea na kazi. Ndiyo, alikuwa mtu mzima. Lakini alifika utu uzima akiwa amefundishwa miaka mingi kwamba woga wake hauna uzito. Siwaambii kwamba namba 18 ina uganga. Nawaambia kwamba msichana anayeanza kubebeshwa mzigo mkubwa akiwa na 16 au 17 badala ya 12 anaingia nao akiwa na maneno mdomoni, na watu wengine katika maisha yake zaidi ya kocha.

Sihitaji kuwaeleza kwa urefu kilichotokea Marekani. Wanawake 156 walizungumza mahakamani Januari 2018 mbele ya Larry Nassar, daktari wa timu ya taifa, kabla hajahukumiwa kifungo cha miaka 40 hadi 175. Wengi wao aliwadhulumu kingono wakiwa watoto, na baadhi katika kambi ya Texas ambako wazazi hawakuruhusiwa kukaa. Uingereza nayo ilifanya uchunguzi wake, ulioongozwa na wakili Anne Whyte na kuchapishwa Juni 2022, ukiwa umepokea maelezo zaidi ya 400. Humo mna watoto waliozuiwa maji, waliozuiwa kwenda chooni, waliopimwa uzito mbele ya wenzao. Nimefundisha watoto wa watu muda mrefu, na kunyima mtoto maji katika joto la mazoezi ni jambo ambalo hapa kwetu wazazi wangekuja kukutoa. Nchi baada ya nchi imetoa taarifa za namna hiyo, na zote zinaelezea dunia ile ile: watoto wengi, muda mchache, mtu mmoja mwenye amri yote. Mkaunda taasisi ya maadili mwaka 2019, na ni vyema. Taasisi hupokea malalamiko baada ya madhara. Umri ni kitu mnachoweza kukibadilisha kabla.

Wapo watakaosema makocha watafanya yale yale, kwamba mkisema 18 watawatesa watoto wa 14 vile vile ila bila kamera. Hoja hii ndiyo nzito kuliko zote, na bila kuijibu ombi langu ni pungufu. Tangu mwaka 2006 mliiacha ile alama 10 ya ukamilifu. Sasa kuna alama za ugumu na alama za utekelezaji, na za ugumu hazina mwisho. Ndiyo maana 15.700 inawezekana. Kwa mtu mzima sawa, anajua anachokinunua. Lakini sheria za alama za chipukizi zimekaa karibu mno na za wakubwa, kwa hiyo mtoto wa 14 analipwa kwa kila mzunguko anaouongeza. Wawekeeni dari. Zikifika mbinu za kiwango fulani, zinazoongezwa zisimpe alama yoyote, na badala yake waamuzi wapime usafi wa miguu, kutua, mizani, dansi, ule uzuri uliofanya watu waupende mchezo huu tangu mwanzo. Kocha hufundisha kinacholipwa. Nasema hivi kama kocha.

Na uwanja wa chipukizi tayari mnao. Mlianzisha mashindano ya dunia ya chipukizi huko Győr, Hungaria, mwaka 2019, yakafuata ya Antalya 2023 na Manila 2025. Wapeni miaka miwili zaidi humo. Watashindana, watasafiri, watajulikana. Kitakachowaondokea ni ile hofu ya kuzeeka kabla hawajamaliza shule.

Kuhusu udanganyifu wa umri, sisi wa Afrika Mashariki tunaujua kutoka upande wa pili. Katika soka la vijana hapa kwetu watu hupunguziwa miaka. Katika jimnastiki huongezewa. Daniela Silivaș wa Romania alieleza mwaka 2002 jinsi mwaka wake wa kuzaliwa ulivyobadilishwa ili aweze kushindana na wakubwa kabla ya wakati. China ilivuliwa shaba ya timu ya Sydney 2000 baada ya kubainika kwamba Dong Fangxiao alikuwa na 14, na medali ikapewa Marekani mwaka 2010, miaka kumi baadaye. Korea Kaskazini iliadhibiwa zaidi ya mara moja kwa wasichana ambao tarehe zao za kuzaliwa hazikutulia. Mkipandisha umri, kishawishi hicho kitaongezeka, sikatai. Lakini tofauti ya mtoto wa 15 na mwanamke wa 18 ni ngumu kuficha kuliko ya 14 na 16, na nyaraka za chipukizi mnaanza kuzikusanya wakiwa wadogo. Anayeingia kwenye daftari lenu akiwa na 13 hawezi kuruka miaka mitatu kesho yake.

Mheshimiwa Coventry, nakuandikia pamoja nao ingawa najua kila shirikisho hujiwekea umri wake. Wewe ni Mwafrika wa kwanza na mwanamke wa kwanza kukalia kiti hicho. Uliogelea Sydney mwaka 2000 ukiwa ndiyo kwanza umetimiza 17. Medali zako zote saba zilikuja baadaye, Athens 2004 na Beijing 2008, ukiwa mtu mzima. Unajua ile miaka minne ya katikati ilikupa nini. Na unajua pia kwamba shirikisho linaweza kubadilika likitaka, kwa kuwa wenzao wa kuteleza kwenye barafu walipandisha umri kutoka 15 hadi 17 kwa kura ya mwaka 2022, baada ya yaliyompata Kamila Valieva wa Urusi, aliyepatikana na dawa iliyokatazwa akiwa na 15, mbele ya macho ya dunia nzima. Wao walisubiri mtoto alie kwenye runinga. Jimnastiki imekwisha kuona machozi ya kutosha.

Kwenu viongozi wa Afrika, nasema kama mtu wa nyumbani. Dhahabu ya Paris, na ubingwa wa dunia wa vyuma ambao Kaylia aliuongeza Jakarta Oktoba 2025 akiwa na miaka 18, vitafungua kumbi. Wizara zitataka picha na medali, na zitazitaka haraka. Dakar 2026 ni Olimpiki ya Vijana, mashindano ya kwanza ya Olimpiki kufanyika katika ardhi ya bara hili, na kila nchi itatafuta watoto wa kupeleka. Tuna bahati moja ambayo Ulaya na Marekani hawakuwa nayo: tunaanza tukiwa tumesoma taarifa zao. Hatulazimiki kujenga kambi zilizofungwa. Hatulazimiki kumtoa mtoto wa miaka tisa kwa bibi yake kumpeleka mji mkuu alale bwenini na asome kwa barua. Nchi za Afrika zina kura FIG kama nchi nyingine zote, na sijasikia zikitumiwa kwa pamoja kwa jambo hili. Pelekeni hoja hii nyinyi. Itakuwa na uzito zaidi ikitoka kwa bara ambalo ndiyo kwanza limeonja dhahabu kuliko kwa wale walioishiba.

Nataka pia mfikirie Oksana Chusovitina wa Uzbekistan. Alishinda dhahabu ya timu Barcelona 1992 akiwa na 17, akiwa kwenye mfumo ule mgumu wa zamani. Mwanawe alipopatikana na saratani ya damu akahamia Ujerumani apate matibabu, akaishindania nchi hiyo, na Beijing 2008 akapata fedha ya kuruka meza akiwa na miaka 33. Tokyo alikuwa bado anaruka, miaka 46, Olimpiki yake ya nane. Rebeca Andrade amepasuliwa goti lile lile mara tatu, akarudi kila mara, na leo hakuna Mbrazili mwenye medali nyingi za Olimpiki kuliko yeye. Hawa wanaonyesha mwili wa mwanamke unachoweza ukipewa miaka. Kuna wasichana wangapi waliokuwa na kipaji chao na wakatupwa wakiwa na 17 kwa sababu nyonga zao zilipanuka?

Utaratibu ninaopendekeza haumnyang'anyi yeyote aliyekwisha kuanza safari. Tangazeni sasa, ianze Januari 2029, mwanzo wa mzunguko mpya, kama ile ya 16 ilivyoanza 1997 baada ya Atlanta. Mwaka 2029 wawe wale wanaotimiza 17, na kuanzia 2030 wawe wa 18. Wanaojiandaa kwa Los Angeles wataendelea na sheria waliyoikuta. Dari ya ugumu kwa chipukizi ianze wakati huo huo, isicheleweshwe, maana moja bila nyingine haitafanya kazi.

Naomba suala hili liwekwe kwenye ajenda ya mkutano wenu mkuu na lipigiwe kura ya wazi, nchi kwa nchi, ili wazazi wajue nani alisema nini. Naomba pia jibu kwa maandishi, kwa lugha yoyote mtakayoiweza. Nitawatafsiria wazazi wa watoto wangu siku ya mkutano wetu, na kulibandika ukutani mahali pa mazoezi.

Wenu katika mchezo,

Mwalimu wa sarakasi kwa watoto,
Mombasa, Kenya